Prednisoloni au diklofenaki? Kwa mwenye mgongo unaokakamaa asubuhi

"Dada, kati ya hizi ipi kali?"

Swali hili nalisikia dirishani kila siku ya Mungu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kazi ya famasi hapa Dodoma mjini, jirani na Soko la Majengo, na wateja wa mgongo nimeshazoea kuwasoma kabla hawajasema neno. Mbeba magunia huja ameshika kiuno. Mama aliyeinama shambani Bahi wiki nzima huja akaegemea kaunta. Lakini wapo vijana, wa miaka ishirini na kitu, ambao ukimwita mmoja wao kutoka ubavuni hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima kama aliyejitwisha ndoo ya maji. Hao ndio ninaowaandikia.

Mmoja wao ni fundi vigae aliyekuwa na kazi Mtumba, kwenye majengo ya serikali. Alikuja mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kukaa na jaketi mpaka saa nne asubuhi, akafungua kikaratasi na kuweka vidonge viwili juu ya kioo cha kaunta. Kimoja kidogo, cheupe, kina mstari katikati. Kingine cha rangi ya chungwa, kimepakwa ganda linaloteleza. Alivinunua mnadani kwa mtu anayeuza "dawa ya mifupa" kwa kuhesabu, bila boksi wala jina. Hakuuliza ipi kali. Aliuliza, "Dada, kipi kinatibu na kipi kinatuliza tu?"

Kwa jinsi chapa zilivyosomeka, cheupe kilikuwa prednisoloni ya miligramu 5 na cha chungwa diklofenaki ya 50. Alikuwa amevimeza pamoja kwa miezi minne. Mashavu yalishajaa, na mtaani kwao Nkuhungu watu walikuwa wanamsifu kwamba hela za Mtumba zimemkubali.

Nilimjibu kwa kifupi: kwa mgongo wa aina yake, cha chungwa ndicho cha kuanza nacho. Cheupe, kile kilichompa raha siku tatu za mwanzo, hakifai kuwa dawa yake ya kila siku. Akacheka, akidhani nimechanganya. Maelezo marefu ndiyo haya.

Kwanza, mgongo upi?

Mgongo wa kazi nzito unauma ukifanya kazi na unapoa ukijilaza. Mgongo wa uvimbe, ule ambao madaktari wanauita ankilosingi spondilaitisi, au kwa jina pana spondiloathraitisi, unakwenda kinyume. Unaanza taratibu kabla ya miaka 45, kwa wengi wakiwa vijana. Kulala ndiko kunakouchokoza. Mtu anaamka saa tisa usiku, anazunguka uani mpaka maumivu yashuke, ndipo anarudi kitandani. Asubuhi amekakamaa zaidi ya nusu saa, lakini akishika kazi anafunguka. Maumivu ya makalio yanahama, leo kulia kesho kushoto, kwa sababu moto huwa unaanzia kwenye vile viungo viwili vinavyoshikanisha uti na mifupa ya nyonga. Wanawake wanaugua vilevile, ila wanachelewa kugundulika kwa kuwa mgongo wa mwanamke husingiziwa uzazi.

Huku kwetu kanda ya kati kuna jambo ambalo makala za Ulaya hulipita haraka, na mimi silipiti. Tunaishi na ng'ombe na mbuzi, na wapo wanaokunywa maziwa bila kuchemsha. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, unapenda viungo hivyohivyo vya nyonga. TB nayo inaingia kwenye pingili za uti. Yote mawili yanaleta maumivu ya mgongo ya miezi, na mara nyingi homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Mpe mtu wa TB ya uti prednisoloni: wiki ya kwanza atakushukuru, na huku bakteria wanakula pingili bila askari wa kuwazuia. Kwa hiyo ukiwa na homa au umepungua uzito, acha kulinganisha vidonge kwanza, kapime. Na miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha kinasaba cha HLA-B27, kinachotajwa sana mtandaoni, kwetu kina kasoro. Ulaya wagonjwa wengi mno wa ugonjwa huu wanacho. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni adimu. Usikubali mtu akuambie "huna ugonjwa" kwa sababu tu kipimo hicho hakikuonyesha kitu.

Kidonge cheupe, na mlango kinaopitia

Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya steroidi inayotengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu ya takriban miligramu 20 za kotisoli. Homoni haifanyi kazi hewani. Inahitaji kipokezi, yaani protini inayoishika na kupeleka amri yake. Kipokezi cha kotisoli kinakaa ndani ya seli, kwenye ule ute unaozunguka kiini, kimeshikiliwa na protini nyingine zinazokizuia kisizurure. Homoni ikipenya na kukishika, kinajivua vizuizi hivyo, kinaingia kwenye kiini na kukaa juu ya jeni. Huko kinafanya makubwa mawili: kinawasha jeni za kutuliza, na kinamnyamazisha NF-kapa-B, mpiga filimbi anayeamrisha seli za kinga zitengeneze kemikali za uvimbe.

Seli za kinga zote muhimu zina vipokezi hivi: monosaiti, seli T, seli B. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba monosaiti na seli B chache hubeba vipokezi vya aina hii hata nje, kwenye utando wa seli, na kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo wana monosaiti zaidi za namna hiyo. Ni vichache mno kiasi kwamba ilibidi wabuni mbinu ya kuvitia rangi ndipo vionekane. Tangu hapo wengi wamehisi kwamba huenda vipokezi vya utandoni vina mkono katika yale matokeo ya haraka ya steroidi za dozi kubwa, yanayokuja kabla jeni hazijapata muda wa kujibu.

Ukisoma mpaka hapo utasema: basi tumemaliza, seli zina milango, ufunguo tunao, tufungue. Hata mimi chuoni nilifikiri hivyo. Na historia inakupa moyo. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni, steroidi ya ukoo huohuo wa prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi, na baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wanakemia wawili, Kendall na Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobeli. Mpaka leo mgonjwa wa vidole na viwiko vilivyovimba akipewa prednisoloni kidogo anaiona tofauti.

Uti wa mgongo haukufuata mkumbo huo. Kule Ujerumani walichukua wagonjwa 39 wa ankilosingi spondilaitisi iliyochachamaa, wakawagawa: wengine miligramu 50 za prednisoloni kwa siku, wengine 20, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki mbili. Wa miligramu 20 hawakuwapita kwa maana wale wa kidonge kitupu. Wa miligramu 50 ndio waliopata nafuu kiasi. Sasa hesabu: miligramu 50 ni vidonge kumi vya yule mweupe, kila siku. Hiyo ni dozi ambayo hakuna daktari mwenye akili timamu atakuacha nayo miaka, na ugonjwa huu ni wa miaka.

Kwa nini uti uwe mkaidi wakati vipokezi vipo? Sehemu ya jibu ni mahali moto unapowaka. Kwenye ugonjwa huu hauwaki sana kwenye ngozi laini ya ndani ya kiungo, kama ilivyo kwenye baridi yabisi ya vidole. Unawaka pale kano zinapojishikiza kwenye mfupa, na wanaouchochea ni kemikali za kinga ziitwazo TNF na ule ukoo wa interlukini 23 na 17. Seli T zinazomwaga interlukini 17 zimeonekana maabara kuwa ngumu kusikia steroidi kuliko wenzao. Kipokezi wanacho, amri inafika, ila hawaifuati.

Gharama sasa. Kipokezi cha kotisoli kipo karibu kila seli ya mwili, si kwenye kinga peke yake. Kumeza prednisoloni ni kama kukodi gari la matangazo lenye spika: unamtafuta mtu mmoja Chang'ombe, wanasikia mpaka Kisasa. Ini linasikia, sukari inapanda. Figo na mishipa inasikia, presha inapanda. Jicho linasikia, baada ya muda unapata mtoto wa jicho. Uso unajaa. Mifupa inasikia kuliko wote, inapungua msongamano, na hapo ndipo mwenye ugonjwa huu anapoumia mara mbili: uti wake unaota mfupa kwa nje na kukonda kwa ndani, hivyo huvunjika kirahisi hata bila dawa. Kumwongezea prednisoloni ni kuchimba ukuta wenye ufa.

Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya 2019 inapinga waziwazi steroidi za kumeza kwa ugonjwa huu, na ile ya vyama vya kimataifa vya wataalamu wa viungo, ASAS na EULAR, ya 2022 inasema steroidi za muda mrefu zisitumike kwa ugonjwa wa uti. Wala sisi wa dirishani hatupaswi kukuuzia bila cheti.

Cha rangi ya chungwa

Diklofenaki haitafuti kipokezi cha homoni, wala haigusi jeni. Inakwenda kwenye karakana, kwenye kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na kukizuia. Prostaglandini ndizo zinazofanya sehemu iliyovimba iwe moto na iume. Ibuprofeni, naproksini, meloksikamu na indometasini zote ni za ukoo huo. Haziamshi TB iliyolala kama steroidi, hazijazi mashavu, haziozeshi mifupa. Kwa mgongo wa uvimbe zinasaidia watu wengi mno, kiasi kwamba daktari huhesabu jinsi ulivyozijibu kuwa ni dalili mojawapo ya ugonjwa wenyewe.

Tatizo ni namna tunavyozimeza. Mteja anataka viwili vya leo, keshokutwa anarudi kusema "hazifanyi kazi". Kwa ugonjwa huu dawa inapimwa kwa dozi kamili, kila siku, wiki mbili hadi nne. Dozi kamili ya diklofenaki haizidi miligramu 150 kwa siku, meloksikamu 15, naproksini 1000. Ya kwanza ikishindwa, inajaribiwa ya pili ya ukoo huohuo, kwa kuwa miili inatofautiana; mtu aliyegoma kwa diklofenaki anaweza kufunguka kwa naproksini. Ikishindwa na ya pili ndipo useme ukoo mzima umeshindwa. Sio wiki mbili za kubahatisha, nusu kidonge leo, kesho umesahau.

Nazo zina madhara. Prostaglandini ni walinzi wa ukuta wa tumbo na wa damu inayokwenda figoni, ukizizuia unaondoa walinzi. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo apewe pamoja na omeprazoli au dawa ya kundi hilo, na choo kikiwa cheusi kama lami asisubiri. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo aseme kabla, hasa kama anameza dawa ya presha pamoja na ya kukojoza. Mjamzito asijinunulie. Na Dodoma hii ya jua la Oktoba, fundi anayeshinda juani na chupa moja ya maji akameza diklofenaki ya dozi kamili anazichezea figo zake. Maji, tafadhali.

Halafu kuna kosa la kikaratasi cha mnadani: kuzichanganya. Steroidi na dawa za ukoo wa diklofenaki kwa pamoja zinapandisha sana hatari ya tumbo kutoboka na kuvuja damu. Anayechanganya anajua kwamba mteja atapata nafuu haraka na atarudi. Kuhusu tumbo, hatakuwepo.

Bei haikusaidii kuchagua, zote mbili ni nafuu. Kasi nayo inadanganya: prednisoloni ya dozi kubwa inaweza kukuinua kitandani kesho asubuhi, diklofenaki inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki kuonyesha nguvu yake yote. Kama kipimo chako ni "ipi itanifanya nicheze mpira Jumapili hii", cheupe kitashinda. Kama ni "ipi nitaitumia nikifika miaka arobaini na bado nina uti wa kugeuza", hakuna mashindano.

Mahali ambapo steroidi inastahili

Sitaki mtu aondoke akiichukia steroidi. Ukipata jicho jekundu, linauma, haliwezi mwanga, na una mgongo wa aina hii, matone ya steroidi kutoka kwa daktari wa macho ndiyo yanayookoa uoni, na kuchelewa kwa siku kunagharimu. Goti au kifundo kimoja kilichovimba kinaweza kuchomwa steroidi ndani ya kiungo chenyewe na mtaalamu, hata kile kiungo cha nyonga. Hapo dawa nyingi inakaa ilipopelekwa, spika haizunguki mji.

Tofautisha hilo na "sindano ya mgongo" inayochomwa kwenye kalio. Ile inaingia kwenye damu yote. Ikiwa ni ya steroidi, ni kama prednisoloni kwa njia nyingine.

Zikishindwa mbili

Kuna ngazi ya tatu, sindano za kibayolojia: adalimumabu na infliksimabu zinazokamata TNF, sekukinumabu inayokamata interlukini 17. Hizi nazo hazipitii kipokezi cha homoni. Zinamdaka mchochezi njiani kabla hajafika kwenye seli. Kwa uti zinafanya kile ambacho prednisoloni iliahidi ikashindwa. Ila ni ghali, wanaozianzisha ni wataalamu wa viungo ambao nchini ni wachache, na lazima TB ipimwe kwanza, kwa sababu TNF ndiye mlinzi wa ngome inayofungia TB mwilini. Uliza bima yako kabla hujajenga matumaini. Methotreksati, ambayo jirani mwenye vidole vilivyopinda anaisifia, haisaidii uti. Sulfasalazini husaidia kama viungo vya miguu na mikono navyo vimevimba.

Na mazoezi. Najua unaruka aya hii. Kunyoosha mgongo na shingo kila asubuhi, kuvuta pumzi ndefu kifua kitanuke, mto mwembamba, kuacha sigara. Hakuna kidonge kati ya vyote nilivyotaja kinachofanya kazi sawasawa bila hayo.

Kama tayari unameza cheupe

Usiache ghafla. Ukishakula prednisoloni zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zako za juu ya figo zimelala, zinadhani kazi imechukuliwa na mwingine. Ukikata leo, kesho unaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka mpaka ukadondoka. Daktari anakushusha kwa ngazi. Nenda na kile kikaratasi chako, hata kama kimechafuka; chapa iliyo kwenye kidonge inamsaidia daktari kuliko maelezo ya "vilikuwa vidogo hivi".

Fundi wangu alikwenda. Alipimwa TB na brusela, vyote hakuwa navyo, akapigwa picha ya nyonga, akapangiwa kushuka prednisoloni kwa wiki kadhaa. Walimpa meloksikamu na omeprazoli. Wiki ya pili ya kushuka alinipigia simu analalamika kwamba mgongo umerudi na kwamba mimi ndiye niliyemharibia. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia akamilishe wiki nne kabla hajahukumu.

Jumamosi iliyopita alipita dirishani akitokea sokoni na mfuko wa mlenda. Hakununua dawa. Alitaka nimpime presha, akakaa kwenye benchi anasubiri, na bodaboda ilipopiga honi nyuma yake akageuza shingo, kidogo tu, kuangalia ni nani.